Treni Isiyo na Uso

Thomas alikuwa kipande cha mti kabla hajawa kitabu. Mwaka 1942, mchungaji wa Kianglikana aitwaye Wilbert Awdry alikuwa akimsimulia mwanawe Christopher, aliyekuwa kitandani na surua, hadithi za vichwa vya treni vinavyosemezana. Mtoto alipopona akataka treni yenyewe, ya kushika. Dunia ilikuwa vitani na madukani hakukuwa na kitu, basi baba akachukua mpini wa ufagio na mabaki ya mbao, akachonga. Mtoto alimtaka Gordon, ile injini kubwa yenye mwendo, vifaa havikutosha, akachongewa injini ndogo, na hiyo ndogo ndiyo ikaitwa Thomas. Kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1945, televisheni ikafuata mwaka 1984, na leo ukitaka kumnunulia mtoto treni ya mbao, uso wa kwanza kukutazama kutoka rafuni ni wa huyo huyo mtoto wa mpini wa ufagio.

Dada yangu anaishi Morogoro, na mwanawe anatimiza miaka miwili. Aliponiagiza nitafute treni ya mbao Dar es Salaam alicheka, akasema mimi ndiye msomi wa fasihi kwenye ukoo, nikalisome duka la vitu vya watoto kama ninavyosoma riwaya. Alitania. Mimi nimeamua kumtii. Kitu ambacho mtoto atakishika kila siku kwa miaka miwili au mitatu, atakitafuna, atalala nacho na kukirushia paka, kinastahili kusomwa kwa makini angalau sawa na riwaya ambayo mimi nitaimaliza kwa wiki moja na kuiazimisha kwa mtu asiyerudisha.

Nianze na uso. Kiswahili nacho kimeipa treni mwili: tunasema kichwa cha treni, na kichwa hicho kina mkia wa mabehewa. Lakini ni kichwa kisicho na macho wala mdomo. Hakitabasamu, hakinuni. Thomas ana uso, na hapo ndipo shida yangu naye inapoanzia. Kwenye televisheni uso wake hubadilika, ana hofu, ana kiburi, ana aibu. Kwenye mbao umechorwa mara moja tu, na mara zote anatabasamu. Mtoto akicheza ajali, Thomas amelala ubavu huku mabehewa yamemwangukia, na bado anatabasamu. Mtoto akicheza msiba, maana watoto hucheza msiba pia, Thomas anausindikiza kwa meno. Mtengenezaji ameshaamua treni inajisikiaje, na mtoto anaachiwa kazi ya kuisukuma.

Treni za Kiswidi za BRIO, ambazo zimekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, nyingi hazina uso. Ni kipande cha mbao ngumu, magurudumu manne, bomba la moshi juu, sumaku mbele na nyuma. Mtu mzima akiiangalia anaona kitu kikavu. Mpe mtoto wa miaka miwili nusu saa, utaisikia inalia, inadai uji, inakataa kuoga. Uso anaupachika mwenyewe na kuubandua atakapo. Kwa hiyo, nikiulizwa ipi bora kama maandishi, nasema isiyo na uso, kwa sababu ileile inayonifanya nipende mwandishi asiyenieleza kila mhusika ana sura gani.

Halafu kuna hadithi anazokuja nazo Thomas. Katika kile kitabu cha kwanza cha 1945 mmojawapo wa wahusika ni injini iitwayo Henry. Henry amepakwa rangi nzuri ya kijani, mvua inanyesha, naye anagoma kutoka ndani ya handaki asije akaharibika rangi. Wanamvuta, wanamsukuma, wapi. Mwenye reli, mtu mnene mwenye kofia ndefu ambaye kwa Kiswahili cha zamani cha ofisini tungemwita Bwana Mkubwa, anaamuru reli zing'olewe na ukuta wa matofali ujengwe mbele ya Henry. Henry anabaki mle akiwatazama wenzake wakipita, na ile rangi yake inaharibika vilevile kwa masizi. Katika hadithi inayofuata anafunguliwa, kwa sababu Gordon ameharibika njiani na anatakiwa mtu wa kuvuta mabehewa. Kwenye kisiwa cha Sodor hakuna sifa kubwa kuliko kuwa na manufaa. Anayefanya kazi anapendwa. Asiyefanya anafungiwa mpaka kazi imhitaji.

Sisemi Awdry alikuwa akiandika juu ya Mombasa. Alikuwa akiandika juu ya mvua ya Uingereza. Lakini mimi ninaisoma nikiwa huku, na huku treni ina historia yake. Januari 1947, miaka miwili tu baada ya Henry kuzibiwa handakini, wafanyakazi wa bandari na wa reli wa Mombasa waligoma pamoja na karibu kila mfanyakazi mwingine wa mji ule, wakidai mishahara inayotosha kuishi. Kiongozi wao, Chege Kibachia, akakamatwa mwaka huohuo na kuwekwa kizuizini mbali na Mombasa kwa takriban miaka kumi. Septemba ya mwaka huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao wakagoma, na mgomo ukapanda na reli kuelekea bara. Ukishajua hayo, ukuta wa matofali hauchekeshi kama ulivyokusudiwa kuchekesha. Unauliza Henry alilipwa nini.

Hata yale yasiyosemwa na treni ya mbao yana uzito huku kwetu. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901 ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Wanandi walikuwa na utabiri wa Kimnyole juu ya nyoka wa chuma atakayekuja akitoa moshi. Nyoka akaja, na mwana wa Kimnyole, Koitalel arap Samoei, akaongoza upinzani mpaka alipouawa mwaka 1905. Mwaka huohuo Wajerumani walianza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Hizo zote ni reli za mstari: upande mmoja bandari, upande wa pili kitu kinachotakiwa bandarini.

Seti ya mtoto ni duara. Nimeliwaza sana hili. Unaunganisha vipande nane vilivyopinda, treni inaondoka hapo ilipo na kurudi hapohapo, haijachukua pamba ya mtu. Watu wazima huliona duara kama upungufu, ndiyo maana kila seti ghali huongezewa daraja, winchi, stesheni, mgodi wenye mawe ya kupakia. Mimi ningeliacha duara kama lilivyo. Tena mtoto wa miaka miwili hata duara halihitaji: reli yake ni ukingo wa meza, mguu wa bibi, ukuta uliopakwa rangi juzi. Reli zenyewe ataanza kuzijali kwenye miaka mitatu hivi. Kabla ya hapo anayezipanga sakafuni ni baba, na anayekasirika zikivunjwa ni baba.

Mwaka 2018 watengenezaji wa Thomas walituletea Nia. Ni injini ya kike kutoka Kenya, ya rangi ya chungwa, yenye nakshi za rangi mbalimbali ubavuni. Anakutana na Thomas katika filamu ya safari ya kuzunguka dunia, kisha anahamia Sodor na kuwa mmoja wa injini kuu. Niliposikia mara ya kwanza nilifurahi, na furaha hiyo siikani. Mtoto wa dada yangu kushika treni yenye jina la Kiswahili, jina ambalo methali yetu imeliweka jirani na neno njia, si jambo dogo.

Ila nikamtazama vizuri. Nia kama jina la msichana nimekutana nalo zaidi kwa Wamarekani Weusi, ambao katika Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, wameifanya Nia kuwa kanuni ya tano. Marafiki zangu wa Kenya wanaitwa Wanjiru, Achieng, Mwende, Halima. Si kosa, Kiswahili kina watoto wake ng'ambo na majina yao ni halali. Kinachonisumbua ni zile nakshi. Thomas anatoka Uingereza na hakuna aliyeona haja ya kumchora maua ya Kiingereza ubavuni ili tujue. Yeye ni treni tu. Nia lazima avae kitenge.

Na laiti wangeuliza, treni zetu zilikuwa na majina na sura zinazotosha. Mwaka 1955 na 1956 shirika la reli la Afrika Mashariki lilipokea kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, zile ndefu zenye maungio mawili kama siafu, kila moja ikiwa na uzito wa tani zipatazo 250. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee na kila moja ikapewa jina la mlima. Mbili bado zipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upareni. Yote miwili ni milima ya Tanzania, na injini zake zinapumzika Kenya, kumbukumbu ya wakati tulipokuwa na shirika moja. Mtoto wa Same akipewa Shengena ya mbao, ndefu, nyekundu iliyoiva, bila uso wala kitenge, akaambiwa hii ina jina la mlima ule pale, atakuwa amepewa hadithi ambayo hakuna duka linalomuuzia.

Turudi kwenye mbao, maana wazazi wengi wa rika letu wakifika hapo huacha kufikiri. Mbao ni nzuri, plastiki ni mbaya, basi. Aliyeipa imani hiyo heshima ya kifikra ni Roland Barthes, mhakiki wa Ufaransa, katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957. Anavilalamikia vitu vya kuchezea vya Kifaransa kwa kuwa ni dunia ya watu wazima iliyopunguzwa kimo: mtoto anapewa jeshi, hospitali, posta, na kazi yake inabaki kuvitumia badala ya kubuni. Kisha anaisifu mbao: haijeruhi, haivunjiki ghafla, inazeeka pamoja na mkono unaoishika. Ninakubaliana naye kwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni ya mtu ambaye hajatembea Mbagala mchana wa likizo. Nenda ukaone gari lililotengenezwa kwa chupa ya maji, magurudumu ya vizibo au ya ndala iliyokatwa, limefungwa kwa uzi na kukokotwa na mbunifu wa miaka sita. Yule ndiye mtoto aliyekuwa akitafutwa na Barthes, na amejipatia uhuru wake ndani ya plastiki hiyohiyo aliyoidharau. Nilipokuwa mdogo, mbao nyumbani ilikuwa mwiko, kinu na mbuzi ya nazi, na hakuna aliyeiita ya kishairi, hasa mwiko.

Barthes pia hakuizungumzia rangi. Mtoto halambi mbao, analamba kilichopakwa juu ya mbao. Juni 2007 kampuni ya RC2 ililazimika kuwaita wateja wa Marekani warudishe takriban vitu milioni 1.5 vya Thomas vya mbao, vilivyotengenezwa China, kwa sababu rangi yake, nyekundu na ya njano, ilikuwa na risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa wala kelele, na hakuna kipimo chake kinachojulikana kuwa salama. Miongoni mwa zilizorudishwa alikuwemo James, injini nyekundu, ambaye katika vitabu sifa yake kubwa ni kujivunia rangi. Kwa hiyo yule mzazi aliyekwepa plastiki na kulipia mbao alikuwa amenunua sumu yenye tabasamu. Siku hizi ukaguzi umekazwa kwa kampuni kubwa. Vya bei ya chini vinavyofika kwetu bila jina la mtengenezaji, vyenye rangi inayobaki kidoleni ukiisugua kwa kitambaa chenye maji, mimi sivigusi. Hali kadhalika sumaku: kwenye treni iliyotengenezwa vizuri imefungiwa ndani na haichokoleki kwa kucha; ikichokoleka, iache dukani. Sumaku mbili zikimezwa hutafutana tumboni kupitia ukuta wa utumbo, na hapo ni kisu cha daktari.

Seti kamili ya kigeni, nilipouliza bei, ilikuwa kodi ya chumba cha uswahilini kwa mwezi na zaidi. Nikaenda Keko, kwa fundi seremala anayetengeneza vitanda, nikamwambia nataka treni kutoka kwenye vipande vyake vya mtiki.

"Ya moshi au ya umeme, dada?"

Nikamwambia ya moshi, yenye bomba, kama zile za picha.

"Mtoto anakaa wapi?"

"Morogoro."

"Sasa Morogoro ataona wapi moshi? Si anaiona ya umeme kila siku?"

Alikuwa ameniweza. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Morogoro kwenda Dodoma, na mtoto huyu hajawahi kuona injini ikitoa moshi. Sisi tunaendelea kusema garimoshi, neno linalokumbuka kitu ambacho msemaji mwenyewe hakukiona. Kampuni za Ulaya nazo zinaendelea kuchonga bomba juu ya treni za watoto waliozaliwa miongo kadhaa baada ya bomba kuondoka. Hii ni nostalgia ya watu wazima, na mtoto anairithi kama anavyorithi jina la babu.

Fundi akachonga kichwa chenye pua iliyochongoka na mabehewa mawili. Alitaka kupiga vanishi. Nikamwomba aishie kwenye msasa na mafuta ya nazi. Magurudumu akayashikilia kwa vigingi vya mbao, hakuna msumari hata mmoja. Kila gurudumu ni pana kuliko mdomo wa mtoto, jambo ambalo alilipima kwa kuweka ngumi yake mwenyewe na kukadiria kurudi nyuma. Sasa niihakiki na hii, nisije nikaonekana ninasifia vya nyumbani kwa sababu ni vya nyumbani. Ni nzito mno. Ikidondokea kidole cha mguu nyumba nzima itajua. Gurudumu moja la nyuma halikai sawa, kwa hiyo inavuta kushoto. Mabehewa yameungwa kwa vitanzi vifupi vya kamba ya katani, ambavyo mtoto wa miaka miwili hawezi kuvifungua mwenyewe, na kufungua na kufunga ndio nusu ya mchezo. Hapo sumaku za Waswidi zimemshinda fundi wangu kwa mbali: ukigeuza behewa upande usio wake, linamsukuma mwenzake bila kuguswa, na mtoto anapata fumbo la kwanza la fizikia maishani mwake akiwa amevaa nepi. Lakini juu ya mkeka treni ya mtiki inanguruma, kila ukindu unagonga, na sauti hiyo ya reli hakuna aliyeitengeneza kwa makusudi.

Sijamwambia dada asinunue ya kigeni. Nimemwambia asubiri miaka mitatu, kisha anunue reli tu, bila majumba wala madaraja, za mtengenezaji yeyote mwenye jina. Hapa kuna jambo ambalo sikulitarajia na ambalo linanipa wivu. Kipande cha reli ya mbao kina dume upande mmoja na jike upande wa pili, na upana wa mfereji wa magurudumu umebaki karibu uleule kwa makampuni karibu yote. Kipande cha Kiswidi cha mwaka wa ujana wa bibi kinaingia kwenye cha IKEA cha jana, na hicho kinaingia kwenye cha kampuni ya China. Washindani wa biashara wamekubaliana upana, bila mkutano wa marais.

Tanzania ina reli za upana wa aina tatu. Reli ya Kati ya Wajerumani ni milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi, ni milimita 1,067, ili iungane na za kusini. Hii mpya ya umeme ni milimita 1,435. Tofauti ya hizo mbili za zamani ni milimita 67, chini ya urefu wa kidole changu cha kati, na kwa ajili yake, kule Kidatu, zinapokutana, mzigo unashushwa kutoka behewa la reli moja na kupakiwa kwenye behewa la reli nyingine.